Msimu wa Tatu wa Msingi

Mwenyekiti, mimi ni mwashi.
Ukisema "tunajenga timu" unasema mbele ya mtu
mwenye simenti kwenye kucha tangu mwaka tisini na sita,
aliyepandisha kuta za Nkuhungu, za Ipagala,
akafika Mtumba kungali miiba na mbuzi
na leo kuna vioo ghorofa nane.
Mji mzima umesimama, Mwenyekiti.
Mlimwa yetu bado iko kwenye msingi.

Msimu wa kwanza ulisema: vumilieni.
Tukavumilia.
Ukamuuza Ndahani, winga wetu wa kushoto,
aliyeteleza kati ya mabeki kama tonge la mlenda kooni.
Ukasema fedha yake ndiyo nondo.
Nondo hatukuziona.

Msimu wa pili ukaleta kocha mwenye kompyuta.
Akatuchorea mishale ukutani, myekundu na ya buluu,
akasema mwaka wa tano tutafurahi.
Mwezi wa nne akaondoka
na kompyuta yake.

Nilinyamaza, maana najua zege halikimbizwi.
Likikauka kwa pupa hupasuka.
Ulimwagilie asubuhi na jioni, siku saba,
na maji ya Dodoma unayajua, ni ndoo na foleni.
Lakini siku ya nane
fundi hupandisha ukuta.
Hachimbi tena shimo lile lile
akamwita mwenye nyumba aje kulishangilia.

Msimu huu umenifuata hadi saiti.
Ulimchukua Chidawali, saidia fundi wangu,
miaka kumi na minane, mtoto anayechanganya udongo
kwa jicho tu na hakosei.
Ukamvika jezi ya zambarau, namba nne,
ukamwita nguzo ya kesho.
Kesho!
Jumamosi ilikuwa leo, Mwenyekiti.
Mabeki wazoefu umewauza wote kwa mkupuo,
nguzo ikabaki peke yake katikati ya uwanja,
upepo wa Agosti ukiitupia vumbi machoni.

Manne bila.
La tatu lilipita kati ya miguu yake,
nikamwona anaitazama mikono yake
kama mtu aliyeangusha ndoo kutoka ghorofani
na hajasikia bado imeangukia nini.
Nyuma yangu Mama Sechelela akafunga beseni la karanga
dakika ya sitini, akasema,
"Nyumba hii sitaiingia nikiwa hai."
Watu wakacheka.
Mimi nilisimama juu ya benchi nikakuita jina
ambalo sitaliandika hapa, mke wangu husoma.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
nilimkuta Chidawali ameketi juu ya mifuko ya simenti,
goti limefungwa kipande cha khanga.
Nikamuuliza mshahara.
Akainua mabega.
"Wamesema bado wanajenga."

Nikampa koleo.
Tukapanga kozi mbili bila neno.
Alikuwa akinipa tofali moja moja, kwa mikono miwili,
kama anayeomba radhi kwa kila tofali,
na mimi, mjinga, niliyapokea hivyo hivyo.
Saa nne, kwenye chai na muhogo wa jana,
akauliza huku akitazama barabarani:
"Fundi, Jumamosi utakuja?"

Tiketi ni elfu tatu.
Nyumbani kwangu hiyo ni mboga ya jioni, na mafuta yake.
Nimeapa mwaka huu mara mbili.
Jezi yangu niliigeuza tambara la kufutia mwiko,
kisha nikaifua, nikaianika nyuma ya nyumba
majirani wasione.

Sikumjibu mtoto wa watu.
Nilimwambia shika uzi huo, nenda nao hadi kona,
vuta, vuta tena,
tuone kama tumenyoosha.